Akupancha ya Umeme katika Jeraha la Neva za Pembezoni: Nafasi Yake, Mipaka Yake na Thamani ya Muda

Utangulizi

Kata ya Kighare iko Usangi, katika Milima ya Upare ya Kaskazini, wilayani Mwanga, mkoani Kilimanjaro. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya milimani, kuanzia hapo hadi Upare ya Kusini wilayani Same, kazi kubwa ya kila siku hufanywa kwa mikono na miguu: kukata majani ya ng'ombe kwa mundu, kufyeka kwa panga, kuzibua mifereji siku ya msaragambo, kubeba mizigo kwenye njia za mteremko na kuendesha pikipiki kwenye kona kali. Katika mazingira hayo, neva moja ikikatika au ikipondeka, kinachopotea si hisia ya kidole tu. Kinachopotea ni uwezo wa kushika jembe, kukamua ng'ombe, kufunga kifungo cha shati na kuandika.

Mtu aliyepata jeraha la namna hii mara nyingi huona kidonda kimefunga vizuri, ilhali vidole havinyooki au mguu unaburuzika. Hapo ndipo ushauri wa kila aina unapoanza kumfikia: achuliwe, apake mafuta, asubiri, au ashuke mjini akachomwe “sindano za Kichina” zinazounganishwa na umeme. Tiba hiyo ya mwisho, yaani akupancha ya umeme, ndiyo mada ya somo hili. Baada ya kulisoma, mhudumu wa afya na mgonjwa watapaswa kuweza kueleza mambo matatu: tiba hii hufanya nini na haifanyi nini, ni mgonjwa yupi anayeweza kufaidika nayo, na ni lini kuendelea nayo ni kupoteza muda ambao neva haiwezi kuurudisha.

Neva za pembezoni na namna zinavyoumia

Neva, au mishipa ya fahamu, ni njia za mawasiliano ya mwili. Zile zilizo nje ya ubongo na nje ya ugwe wa mgongo huitwa neva za pembezoni. Ndani ya neva moja kuna maelfu ya nyuzi nyembamba ziitwazo aksoni. Baadhi hupeleka amri kwenye misuli, nyingine hurudisha habari za mguso, joto na maumivu. Nyingi kati yake zimefunikwa na ganda la mafuta liitwalo mayelini, linalotengenezwa na seli za Schwann. Mwili wa seli inayomiliki aksoni uko mbali, ndani au karibu na ugwe wa mgongo. Kwa sababu hiyo, aksoni inayofika kwenye kidole gumba cha mguu wa mtu mzima huweza kuwa na urefu unaokaribia mita moja.

Mwaka 1943 daktari Mwingereza Herbert Seddon aligawa majeraha ya neva katika ngazi tatu, na mgawanyo huo unatumika mpaka leo kwa sababu unajibu swali ambalo kila mgonjwa huuliza: je, itarudi?

Ngazi ya kwanza ni mshtuko wa neva. Neva imebanwa au imegongwa, mawasiliano yamesimama mahali hapo, lakini aksoni hazijakatika. Mfano ni mtu aliyelala usingizi mzito akiwa ameulalia mkono wake, akaamka hawezi kuinua kiganja. Jeraha hili hupona lenyewe, kwa kawaida ndani ya siku hadi wiki chache, mara nyingine miezi miwili au mitatu.

Ngazi ya pili ni kukatika kwa aksoni huku mfereji unaozizunguka ukiwa haujakatika. Hutokea neva inapopondwa au kuvutwa, kwa mfano mfupa wa mkono wa juu unapovunjika. Sehemu ya aksoni iliyo mbele ya jeraha hufa na kuondolewa, kama alivyoeleza Augustus Waller mwaka 1850. Kisha aksoni mpya huchipua kutoka mahali pa jeraha na kufuata mfereji wa zamani. Kupona kunawezekana, ila kwa mwendo wa polepole.

Ngazi ya tatu ni kukatika kwa neva yote. Panga, kioo au bati limeipita, na ncha mbili zimeachana. Aksoni huchipua, lakini hazina njia ya kufuata. Hujikusanya na kuwa uvimbe wenye maumivu. Jeraha hili halijiungi lenyewe. Linahitaji mpasuaji azishone ncha hizo mbili, au apandikize kipande cha neva kutoka sehemu nyingine ya mwili pale pengo linapokuwa kubwa.

Katika siku za mwanzo, ngazi hizi tatu hufanana machoni pa mgonjwa. Zote huleta ganzi na udhaifu. Tofauti iko ndani, na matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Hesabu ya milimita moja

Aksoni inayochipua husonga mbele kwa wastani wa milimita 1 kwa siku, yaani takriban sentimita 3 kwa mwezi. Kwa upande mwingine, msuli uliokosa neva haukai ukisubiri bila kikomo. Hunyauka, na baada ya miezi 12 hadi 18 hivi hubadilika kiasi kwamba hata neva ikifika, haiwezi tena kuuamsha ipasavyo. Kati ya tarakimu hizo mbili ndipo hatima ya mgonjwa inapoamuliwa.

Ichukuliwe kwamba mkulima wa Kighare amekatwa na mundu kwenye kifundo cha mkono, na neva ya alna imekatika. Kutoka hapo hadi misuli midogo ya kiganja ni kama sentimita 8 au 10. Neva ikishonwa mapema, inahitaji miezi mitatu hadi minne kufika, na misuli bado itakuwa hai. Neva hiyohiyo ikikatika kwenye kiwiko, safari ni ya zaidi ya sentimita 30, karibu mwaka mzima. Hapo kuchelewa miezi sita kabla ya kushonwa kunatosha kuifanya neva ifike baada ya mlango kufungwa. Jeraha likiwa shingoni au kwapani, kama linavyotokea kwa mwendesha pikipiki aliyeangukia bega, umbali wa kufika kiganjani ni mkubwa mno. Kwa sababu hiyo wapasuaji wa leo wakati mwingine huhamisha tawi la neva nzima iliyo karibu na msuli, ili kufupisha safari.

Hesabu hii ndiyo kipimo cha kila tiba inayopendekezwa, ikiwemo akupancha ya umeme. Swali halipaswi kuwa tu, “Je, tiba hii inasaidia?” Linapaswa pia kuwa, “Je, muda unaotumika kwayo unatoka wapi?”

Akupancha ya umeme ni nini

Akupancha ni tiba ya asili ya China ambamo sindano nyembamba, zisizo na dawa wala tundu ndani yake, huingizwa katika sehemu maalumu za mwili. Kipenyo cha sindano hizo kwa kawaida ni kama milimita 0.25 hadi 0.30. Hazifanani na sindano za hospitali wala na chale. Hakuna kinachopakwa wala kinachodungwa mwilini.

Wazo la kuunganisha sindano hizo na umeme lilianzia Ulaya, ambako Mfaransa Jean-Baptiste Sarlandière aliandika juu yake mwaka 1825. Tiba hiyo ilishika kasi nchini China katikati ya karne ya 20. Katika Afrika Mashariki tiba ya sindano imejulikana hasa kupitia timu za madaktari wa China, ambazo zilianza kufika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Timu za Zanzibar zimekuwa zikitoka jimbo la Jiangsu, na za Bara jimbo la Shandong. Wataalamu wa akupancha wamekuwa miongoni mwao, na kwa Watanzania wengi sindano hizo zimezoeleka kama sehemu ya huduma ya madaktari hao.

Utaratibu wake ni huu. Mgonjwa hulala au huketi kwa utulivu. Ngozi husafishwa. Sindano huingizwa kwa jozi, baadhi karibu na njia ya neva iliyoumia na nyingine kwenye misuli inayohudumiwa nayo. Kwa mfano, mgonjwa asiyeweza kuinua kiganja huwekewa sindano upande wa nje wa kiwiko na mgongoni mwa mkono wa chini. Asiyeweza kuinua unyayo huwekewa chini ya goti, upande wa nje wa mguu. Kila jozi huunganishwa kwa nyaya na mashine ndogo inayotumia betri, ambayo hutoa mkondo hafifu wa miliampia chache. Nguvu huongezwa taratibu mpaka mgonjwa ahisi mdundo au msuli ucheze kidogo bila maumivu. Kikao huchukua dakika 20 hadi 30, na kwa kawaida hurudiwa mara kadhaa kwa wiki kwa majuma kadhaa.

Kasi ya mdundo hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya midundo kwa sekunde. Utafiti wa Profesa Han Jisheng na wenzake mjini Beijing ulionesha kwamba mdundo wa hezi 2 huchochea ubongo na ugwe wa mgongo kutoa enkefalini na endofini, ilhali mdundo wa hezi 100 huchochea dainofini. Hizi zote ni kemikali ambazo mwili huzitengeneza wenyewe kutuliza maumivu. Hapa ndipo maelezo ya kisayansi ya tiba hii yalipo imara zaidi: katika maumivu.

Ushahidi unasema nini

Ushahidi kuhusu akupancha ya umeme na neva zilizoumia uko katika mafungu matatu, na ni muhimu kutoyachanganya.

Fungu la kwanza ni la wanyama wa maabara, hasa panya ambao neva ya siatiki ya mguu imepondwa kwa makusudi. Katika majaribio mengi ya namna hiyo, panya waliopata akupancha ya umeme walionekana na mayelini bora zaidi, viwango vikubwa zaidi vya protini zinazokuza neva, na mwendo uliorudi mapema zaidi. Matokeo haya yanatia moyo, lakini yana mpaka ulio wazi. Mguu wa panya ni mfupi. Neva yake ina sentimita chache tu za kusafiri, na ikipondwa hupona kwa wiki chache hata bila tiba. Mkono wa mtu mzima ni safari ya miezi. Kinachoharakisha safari fupi hakijathibitishwa kwamba kitaokoa msuli ulio mwisho wa safari ndefu.

Fungu la pili ni la binadamu wenye neva iliyobanwa. Mwaka 2017 jarida la Brain lilichapisha utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa wagonjwa 80 wenye kubanwa kwa neva ya mediani kwenye kifundo cha mkono, ugonjwa unaoleta ganzi ya vidole hasa usiku. Walipata vikao 16 katika wiki 8. Baadhi walipata akupancha ya umeme kwenye mkono wenye ugonjwa, baadhi kwenye mguu wa upande wa pili, na baadhi walipata tiba ya kuigiza. Makundi yote matatu yalisema yamepata nafuu ya dalili. Hata hivyo, vipimo vya kasi ya neva viliboreka kwa waliopata akupancha ya kweli tu. Utafiti huo unafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba tiba hii huweza kuigusa neva yenyewe kwa namna inayopimika, na kwamba nafuu anayoisimulia mgonjwa haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa hata tiba ya kuigiza iliileta. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 kuhusu akupancha kwa ugonjwa huohuo yaliona ubora wa tafiti kwa ujumla bado ni mdogo. Mapitio ya mwaka 2017 kuhusu maumivu ya neva kwa watu wazima nayo hayakupata ushahidi wa kutosha kutoa uamuzi.

Fungu la tatu mara nyingi hutajwa kimakosa kama ushahidi wa akupancha. Nchini Kanada, Tess Gordon na wenzake walionesha kwanza kwa panya na baadaye, mwaka 2010, kwa wagonjwa wenye kubanwa sana kwa neva ya mediani, kwamba umeme wa hezi 20 kwa saa 1 baada ya upasuaji huzisaidia aksoni kuchipua mapema na kuifikia misuli kwa wingi zaidi. Umeme huo ulipelekwa kwenye neva yenyewe kwa waya uliowekwa na mpasuaji. Haukuwa badala ya upasuaji. Ulikuwa nyongeza yake. Matokeo hayo yanaeleza kwa nini wazo la umeme na neva si la kupuuzwa. Hayamruhusu mtu kudai kwamba sindano za juujuu miezi mitatu baada ya jeraha zitafanya kazi ileile.

Hakuna hata fungu moja kati ya haya linaloonesha kwamba akupancha ya umeme huunganisha neva iliyokatika. Haiunganishi.

Mtego wa nafuu

Kuna mambo mawili yanayoweza kumpotosha mtoa huduma mwenye nia njema, sawa na mgonjwa wake.

La kwanza ni kwamba mshtuko wa neva hupona wenyewe. Mgonjwa mwenye jeraha la ngazi ya kwanza akipata vikao kumi, atapona. Asipopata hata kimoja, atapona pia. Habari za kupona kwake zitaenea kijijini, na yule aliyekatika neva kabisa atashuka mjini akiwa na matumaini yaleyale.

La pili ni kwamba maumivu na uhai wa neva ni mambo tofauti. Akupancha ya umeme huweza kupunguza maumivu ya kuungua na kuchomachoma ambayo huwanyima wagonjwa usingizi. Hiyo ni faida ya kweli na isidharauliwe. Lakini mgonjwa akilala vizuri huamini kwamba anapona, na mtoa huduma huamini hivyo pia, wakati misuli ya kiganja inaendelea kunyauka kimyakimya.

Dawa ya mtego huu ni kupima. Kipimo kimoja hakihitaji mashine wala fedha. Mhudumu hugonga taratibu kwa ncha ya kidole chake juu ya njia ya neva, akianzia mbali na jeraha na kulikaribia. Pale ambapo aksoni changa zimefika, mgonjwa huhisi mchomo kama wa umeme unaoelekea kwenye vidole. Hii huitwa ishara ya Tinel, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1915. Umbali kutoka alama ya mfupa iliyo karibu hadi mahali hapo hupimwa kwa futi kamba na kuandikwa kwenye daftari la mgonjwa pamoja na tarehe. Mwezi unaofuata hupimwa tena. Alama ikisogea mbele kwa sentimita 2 au 3, neva inakua. Ikibaki palepale kwa miezi mitatu, neva imekwama, hata kama mgonjwa anasema maumivu yamekwisha.

Uchunguzi katika zahanati

Kila kidonda cha mkono au mguu kinachoshonwa kinapaswa kuchunguzwa neva kabla ya kupigwa dawa ya ganzi. Uchunguzi huu huchukua dakika chache:

- Neva ya alna: mgonjwa atanue vidole; apimwe hisia kwenye ncha ya kidole cha mwisho.
- Neva ya mediani: kiganja kikitazama juu, ainue kidole gumba kuelekea darini, apimwe hisia kwenye ncha ya kidole cha shahada.
- Neva ya radiali: ainue kiganja na kunyoosha kidole gumba, apimwe hisia mgongoni mwa mkono, kati ya kidole gumba na cha shahada.
- Neva ya peroneali: ainue unyayo na vidole vya mguu, apimwe hisia juu ya unyayo.

Hisia hupimwa kwa pamba, mgonjwa akiwa amefumba macho, na kulinganishwa na upande mzima. Matokeo huandikwa, hata yakiwa ya kawaida.

Kidonda cha kukatwa kinachoambatana na ganzi au udhaifu kihesabiwe kuwa na neva iliyokatika mpaka ithibitike vinginevyo. Mgonjwa huyo apewe rufaa mara moja, kwa sababu neva iliyokatwa kwa chombo chenye makali hushoneka vizuri zaidi katika siku za mwanzo, kabla ncha zake hazijajikunja na kushikwa na kovu. Kutoka Kighare njia ya kawaida ni Hospitali ya Usangi, kisha hospitali ya rufaa ya kanda ya KCMC mjini Moshi. Kwa majeraha yanayohitaji utaalamu zaidi, ipo pia Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam.

Jeraha lisilo na kidonda, kama la kuvunjika mfupa au kuvutwa, huweza kufuatiliwa kwa takriban miezi mitatu. Vipimo vya umeme vya neva na misuli, pale vinapopatikana, huwa na maana zaidi baada ya wiki 3 hivi tangu kuumia. Isipoonekana dalili ya kurudi, mpasuaji amwone kabla ya miezi sita kwisha.

Nani anafaa na nani hafai

Akupancha ya umeme inaweza kufikiriwa, kama nyongeza ya fiziotherapia, kwa mgonjwa ambaye neva yake imethibitika haijakatika au imekwisha kushonwa na kidonda kupona, hasa akiwa na maumivu ya neva yasiyotulia kwa dawa. Inaweza pia kufikiriwa kwa mwenye kubanwa kidogo kwa neva ya mediani ambaye hajafikia kunyauka kwa misuli ya kidole gumba.

Haifai, au inahitaji idhini ya daktari kwanza, kwa mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye jipu au kidonda mahali pa sindano. Mwenye chuma ndani ya mfupa karibu na eneo hilo ashauriane na mpasuaji wake. Mkondo usipitishwe kifuani kutoka upande mmoja hadi mwingine, wala mbele ya shingo. Sindano zinazoingizwa ovyo begani au kifuani zimewahi kutoboa mapafu ya wagonjwa.

Hatari iliyo mahususi kwa wagonjwa wa neva ni ngozi yenyewe kukosa hisia. Mgonjwa asiyehisi hawezi kusema kwamba umeme umezidi. Mkondo wa moja kwa moja usiobadilisha mwelekeo huunguza tishu kuzunguka sindano. Mashine inayofaa ni ile ambayo mkondo wake hubadilika pande zote mbili kwa usawa. Sindano ziwe za kutumika mara moja, zifunguliwe mbele ya mgonjwa, na zitupwe kwenye kisanduku cha usalama. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B havibagui sindano kwa jina lake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili watoa tiba hizo. Mgonjwa ana haki ya kuuliza usajili wa anayemhudumia.

Magonjwa yanayojificha

Si kila mguu unaoburuzika umetokana na ajali. Ukoma huharibu neva za pembezoni, na neva iliyovimba nyuma ya kiwiko au pembeni ya goti, pamoja na baka lisilo na hisia, ni dalili zinazotosha kumpeleka mtu kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za ukoma hutolewa bure, na uvimbe mkali wa neva hutibiwa kwa prednisoloni. Kumchoma sindano mgonjwa huyu bila kumtambua ni kuiacha neva ife. Kisukari nacho huanza kwa ganzi ya nyayo, na msingi wa matibabu yake ni kudhibiti sukari na kulinda miguu.

Kwa watoto, kilema cha mguu baada ya sindano ya tako bado hukumbukwa katika familia nyingi, hasa kutokana na kwinini. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti badala ya kwinini kwa malaria kali, kwa watu wazima mwaka 2006 na kwa watoto mwaka 2011. Mtoto mdogo anayehitaji sindano ya msuli achomwe pajani, upande wa mbele na nje, mbali na neva ya siatiki.

Kazi ya nyumbani

Neva ikiwa njiani, kiungo kinapaswa kutunzwa ili iikute nyumba ikiwa imara. Kila kiungo kikunjwe na kunyooshwa kwa mkono mwingine mara kadhaa kwa siku ili kisikakamae. Kiganja kilicholegea kiegemezwe kwa gango, na unyayo unaoanguka uvalishwe kifaa cha kuuinua. Mkono usiohisi usishike sufuria ya moto bila kitambaa, wala mguu usiohisi usiote moto karibu na mafiga usiku wa baridi. Ngozi ikaguliwe kila jioni. Kazi hii haina gharama, na hakuna tiba ya sindano inayoweza kuchukua nafasi yake.

Gharama nazo zizungumzwe wazi. Vikao 16 ni safari 16 za kushuka na kupanda mlima, pamoja na siku 16 za kazi. Kwa familia nyingi, fedha hizo ndizo zingemfikisha mgonjwa kwa mpasuaji. Ikiwa kuna nafasi ya safari moja tu, iwe ya rufaa.

Mifano ya kujipima

1. Mama amekatwa na mundu kwenye kifundo cha mkono siku tatu zilizopita. Kidonda kimeshonwa. Kidole cha mwisho kina ganzi na hawezi kutanua vidole. Je, aanze akupancha? Jibu: Hapana. Neva ya alna ihesabiwe imekatika; apewe rufaa leo.

2. Kijana alivunjika mkono wa juu kwa pikipiki wiki 10 zilizopita na hawezi kuinua kiganja. Ishara ya Tinel imesogea sentimita 3 tangu mwezi uliopita. Anasumbuliwa na maumivu. Jibu: Neva inakua. Aendelee na gango na mazoezi, apimwe kila mwezi. Akupancha ya umeme yaweza kuongezwa kwa ajili ya maumivu, ikiwa hana chuma mkononi au mpasuaji ameridhia.

3. Mzee hajaumia popote, lakini mguu unaburuzika na ana baka lisilo na hisia pajani. Jibu: Achunguzwe ukoma na kupimwa sukari kabla ya tiba nyingine yoyote.

Hitimisho

Akupancha ya umeme ina nafasi katika huduma ya neva zilizoumia, na nafasi hiyo ni ya msaidizi: kutuliza maumivu, na kwa baadhi ya wagonjwa kuisaidia neva iliyobanwa. Haishoni kilichokatika, wala haisimamishi saa ya msuli unaosubiri. Mhudumu anayepima hisia kabla ya kushona kidonda, anayeandika sentimita kwenye daftari na kutoa rufaa kwa wakati, amefanya kwa neva hiyo kazi kubwa kuliko mashine yoyote. Mgonjwa naye aulize swali moja katika kila hatua, iwe mbele ya daktari au ya mtoa sindano: je, neva yangu imekatika, na hilo limejulikanaje?